Unawapeleka wagonjwa kwenye vikundi? Hivi ndo utajua kama vinawasaidia kweli

Maswali ni yaleyale kila wiki. Nesi wa zahanati anauliza, mratibu wa kikundi anauliza, juzi dada mmoja wa shirika dogo kauliza tena: "Tumeanza kuwaelekeza wagonjwa wa presha kwenye kikundi cha mazoezi na kikoba (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), mfadhili anataka tathmini, naanzia wapi?" Bas nimeona niandike mara moja hapa, anayeuliza namtupia hii.

Kwa asiyejua tunaongelea nini: kuna mgonjwa anakuja kliniki lakini shida yake haiishi na vidonge. Mjane anayekaa peke yake halali usiku, baba wa sukari hana hela ya nauli kufuata dawa, binti kajifungua na hana wa kuongea naye. Mganga wa kituo anampa dawa kama inahitajika, alafu anamuandikia pia mtu au kikundi cha kumsaidia. Uingereza hii kitu wameipa jina (social prescribing) na bajeti kabisa, mpango wa 2019 wa NHS, yaani huduma yao ya afya ya taifa, uliweka lengo la watu wasiopungua 900,000 kuelekezwa huko ifikapo 2023/24, na wameajiri watu ambao kazi yao ni kumuunganisha mgonjwa na kikundi. Huku kwetu tumefanya siku nyingi bila jina, angalia vikundi vya WAVIU (watu wanaoishi na virusi vya ukimwi) na mama kwa mama. Shida ni kwamba kote huko, kwao na kwetu, watu wanaanzisha haraka na kupima hovyo.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Daftari kubwa la rejista, au Eksel kama una kompyuta. Daftari linatosha kabisa.
- Mtu mmoja mwenye jukumu la kuandika. Mmoja! Wakiwa watatu kila mtu anadhani mwenzake kaandika.
- Mashine ya presha inayofanya kazi, na mkanda wa mkono wa saizi mbili (kama unapima presha).
- Dodoso fupi la Kiswahili ambalo limeshajaribiwa, usitunge lako.
- Ruhusa ya mganga mfawidhi na ya viongozi wa kikundi.
- Hela kidogo ya vocha na bodaboda ya kuwafuata walioacha kuja. Hii wengi wanasahau kuiweka kwenye bajeti alafu wanakwama katikati.
- Miezi sita angalau. Ukiambiwa ulete matokeo baada ya wiki sita, waambie ukweli kwamba utaleta mahudhurio tu.

Hatua ya 1: Andika kwa maneno ya kawaida unategemea nini kitokee

Chukua karatasi uandike: nani anaelekezwa, anaelekezwa wapi, akifika huko anafanya nini, na hicho anachofanya kitabadilisha nini mwilini au maishani mwake. Mfano: "Mgonjwa wa presha mwenye zaidi ya miaka 40 anaelekezwa kikoba cha Jumatano, anaweka akiba, anapata hela ya kununua dawa mwezi unapoisha, hakosi dozi, presha inashuka."

Sasa soma tena uulize kila kiungo, je hii inawezekana? Kama kikoba hakikopeshi mpaka mwezi wa nne, bas usitegemee presha kushuka mwezi wa pili. Ukishaandika hivyo utaona wazi cha kupima: akiba, dozi, presha. Watu wengi wanaruka hatua hii wanakimbilia dodoso la kurasa nane.

Hatua ya 2: Ruhusa na ridhaa

Fupi tu. Kama ni tathmini ya ndani ya kuboresha huduma yenu, ruhusa ya kituo na halmashauri kwa kawaida inatosha, ila uliza mapema. Kama unataka kuchapisha au kuita utafiti, hapo unahitaji kibali cha maadili, Tanzania ni NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), Kenya utapita kamati ya maadili na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi). Nchi zote mbili zina sheria ya taarifa binafsi (Kenya ya 2019, Tanzania ya 2022), kwahiyo majina ya wagonjwa hayakai kwenye grupu la Whatsapp. Nasema hivi kwasababu nimeona picha za rejista nzima zimetumwa kwenye grupu lenye watu mia na kitu, na ndani yake kuna namba za CTC, yaani kliniki ya wenye VVU.

Mpe kila mtu namba. Jina na namba vinakaa daftari moja linalofungiwa kabatini, majibu yanakaa daftari jingine lenye namba peke yake.

Hatua ya 3: Hesabu njia nzima, tangu kuandikiwa mpaka kuzoea

Kama utafanya hatua moja tu kwenye mwongozo huu fanya hii. Kwenye rejista weka safu hizi: tarehe ya kuelekezwa, nani kamuelekeza, kukubali au kukataa, tarehe ya kufika mara ya kwanza, mahudhurio ya kila kikao, tarehe ya kuacha na sababu.

Tuseme umeelekeza watu 80. Waliokubali 71. Waliofika kikundini hata mara moja 46. Waliofika mara nne au zaidi 29. Hapo tayari umepata habari kubwa kuliko dodoso lolote: kati ya kukubali na kufika umepoteza watu 25. Hawa hawajaikataa huduma, hawajaiona. Ukienda kupima presha ya wote 80 useme kikundi hakifanyi kazi, ni sawa na kulaumu mchele wakati sufuria haijawekwa jikoni.

Sababu ya kupotea mara nyingi ni kitu kidogo cha aibu kidogo. Kikao kimewekwa siku ya gulio. Mtu kaambiwa "nenda kwa mama fulani pale karibu na msikiti" alafu hakuna wa kumpeleka. Kuna aliyefika akakuta wote wamevaa sare ya kitenge, yeye hana, akageuza. Ndo maana sehemu ambazo WAJA, yaani mhudumu wa afya ya jamii (wenzetu Kenya wanamuita CHP), anamshika mtu mkono siku ya kwanza na kumkabidhi kabisa kwa mwenyekiti, namba huwa tofauti, na wewe ukiwa na hizo safu utaweza kulinganisha aliyepelekwa na aliyepewa karatasi.

Onyo: usichanganye "walioelekezwa" na "waliohudhuria" kwenye ripoti. Hii mbinu ya kuandika "tumefikia watu 80" inapendeza kwa mfadhili lakini ni uongo wa adabu.

Hatua ya 4: Chagua vipimo vitatu, visizidi vinne

Kimoja cha mwili au akili, kimoja cha maisha, kimoja cha madhara.

Cha mwili: presha, sukari, uzito, kutokana na ugonjwa. Cha akili: PHQ-9, dodoso la kupima sonona, inatumika sana na ina tafsiri ya Kiswahili, maswali 9, alama 0 mpaka 27, na kuanzia 10 kwenda juu ndo watu wanaanza kuwa na wasiwasi. Cha maisha: kukosa dozi siku 7 zilizopita, au mtu anayeweza kumpigia simu usiku akizidiwa.

Cha madhara watu wanasahau kabisa, eti kikundi kitamdhuru nani? Kikoba kinaweza kumdhuru mtu vizuri sana. Akishindwa kurejesha anaenda kukopa kausha damu (mikopo ya riba kubwa) ili alipe kikoba, alafu wanakuja kubeba televisheni. Kikundi cha WAVIU kikikutana chini ya mwembe ulio barabarani, mtaa mzima unajua. Kwahiyo uliza: una deni jipya tangu ujiunge? Kuna mtu amekusema vibaya kwa sababu ya kwenda? Umewahi kukosa kibarua kwa ajili ya kikao?

Hatua ya 5: Pima KABLA, na pima vizuri

Pima siku anayoelekezwa, kabla hajafika kikundini. Ukianza kupima akiwa ameshahudhuria mwezi mzima umeshapoteza mwanzo na hautaupata tena.

Kwa presha: akae dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini isiyokunjwa, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda unaomtosha, pima mara mbili ukiachanisha dakika moja au mbili, andika zote. Mama aliyepanda mlima na ndoo kichwani ukimpima hapohapo utapata namba ya mlima. Na utumie njia hiyohiyo kabla na baada, maana nimeona kituo kinapima mara moja mwanzoni mwa foleni, alafu mwishoni kinapima kwa utulivu kivulini, wanashangilia presha imeshuka.

Kwa PHQ-9 kuna jambo zito. Swali la 9 linauliza kuhusu mawazo ya bora kufa au kujidhuru. Kabla hujamuuliza mtu yeyote lazima ujue akijibu ndio unafanya nini, nani unampigia, nani anakaa naye mpaka apate msaada. Kama huna jibu la hilo usitumie hilo dodoso bado.

Na nani anauliza? Asiwe mwenyekiti wa kikundi, asiwe yule anayetoa mikopo. Ukitaka kujua kwanini, msikilize mzee anavyojibu:

"Shikamoo mzee, kikundi kimekusaidia?"
"Marahaba mwanangu, tunamshukuru Mungu, kinasaidia sana."

Hujajua kitu hapo. Amekujibu adabu, na adabu yake ni nzuri ila haiingii kwenye jedwali. Muulize hivi badala yake: "Mzee, mara ya mwisho ulienda lini?" Atakwambia kabla ya mfungo. "Siku ile mlifanya nini?" Tulikaa tukamsubiri mwalimu hakuja. "Dawa zako za mwezi huu ulinunua kwa hela ipi?" Mwanangu kanitumia. Umeona? Maswali matatu ya vitu vilivyotokea, na sasa unajua kikundi hakijamgusa huyu mzee.

Hatua ya 6: Tafuta wa kulinganisha nao

Hapa ndo pagumu na ndo penye ukweli. Watu wanaelekezwa wakiwa katika hali mbaya zaidi, presha iko juu, amelia, kazidiwa. Wengi wao wangepata nafuu kiasi hata usingewafanya kitu, kwasababu siku ya kupimwa ilikuwa siku mbaya kuliko kawaida yao, na kwasababu ukishamwambia mtu ana presha anaanza kujichunga. Kwahiyo "kabla na baada" peke yake karibu kila mara itakuonesha mafanikio. Karibu kila mara!

Mfano wa kweli uko magharibi mwa Kenya. Mpango wa afya wa AMPATH ulijaribu hasa kitu tunachoongelea: wagonjwa wa presha na sukari, wengine wakaendelea na kliniki ya kawaida, wengine wakapata vikundi vya akiba na mikopo, wengine kliniki ya kikundi (wanahudumiwa pamoja), wengine vyote viwili. Watu 2,890, mwaka mmoja, matokeo yakatoka 2021. Waliopata vyote viwili namba ya juu ya presha ilishuka wastani wa pointi 16.4. Ungekuwa wewe na daftari lako ungeshaita waandishi wa habari. Lakini wale wa kliniki ya kawaida, wasio na kikundi, nao walishuka pointi 11.4. Walipofanya hesabu zao zote, tofauti iliyobaki kwa ajili ya kikundi ilikuwa kama pointi 3.9, na kitakwimu hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba si bahati tu. Haina maana vikundi ni bure. Ina maana bila wale wa kulinganisha wangejipa sifa mara nne ya wanayostahili.

Upande wa pili kuna Zimbabwe, benchi la urafiki la Dixon Chibanda, lilianza Mbare, Harare, mwaka 2006 na bibi 14 wanaokaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki wakisaidiana naye kutatua shida moja moja. Wakapiga kura kati ya kliniki 24 zipi zipate benchi, wakapima watu 573 kwa dodoso lao la maswali 14 ya ndio na hapana, alama nyingi ni hali mbaya zaidi. Baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na wastani wa alama 3.81, na waliopata huduma ya kawaida iliyoongezewa kidogo 8.90. Hiyo ni tofauti unayoweza kuisimamia, kwasababu kuna wa kulinganisha. Zanzibar nako lilifika.

Wewe huna hela ya utafiti wa hivyo, sawa. Chagua mojawapo:

a) Foleni. Kama kikundi hakiwezi kuchukua wote kwa mara moja, piga kura nani anaanza sasa na nani baada ya miezi sita, pima wote kwa wakati mmoja. Ni haki na hakuna anayenyimwa. Mimi naipenda hii kuliko zote.

b) Zahanati jirani isiyo na kikundi, wagonjwa wanaofanana umri na ugonjwa, wapimwe siku zilezile.

c) Ukikosa kabisa, chukua kumbukumbu za wagonjwa wako wa mwaka jana kabla kikundi hakijaanza, uone walibadilikaje kwa miezi sita. Ni dhaifu lakini ni bora kuliko hewa.

Usilinganishe waliohudhuria na walioacha alafu ukaita ushahidi. Anayehudhuria mara nyingi ana nauli, ana nguvu, ana mume asiyemkataza. Hao wangefanya vizuri hata bila wewe.

Na usijisikie vibaya kwamba ni kazi, hata Uingereza walipopitia tathmini 15 za huduma hizi mwaka 2017 walikuta nyingi ni ndogo na hazina wa kulinganisha.

Hatua ya 7: Ongea na watu kumi hivi, na nusu wawe walioacha

Walioacha wana habari tamu. Wafuate nyumbani, usiwaite kituoni. Kaa, kunywa maji ukipewa, uliza siku ya mwisho waliyoenda ilikuwaje. Andika maneno yao kama walivyosema bila kuyapaka sukari. Ongea pia na WAJA na mwenyekiti, maana kuna vikundi vinaelemewa, mnawapelekea watu 10 kila mwezi na hamjawapa hata mkeka.

Hatua ya 8: Gharama

Andika kila kitu: posho, chai, vocha, nauli, muda wa nesi. Alafu andika gharama ya mgonjwa mwenyewe, hisa za kikoba, sare, kibarua alichokosa. Gawanya jumla ya gharama zenu kwa watu waliofika mara nne au zaidi, sio kwa walioandikiwa. Kwa mfano wetu utagawanya kwa 29, sio 80. Namba itakuwa kubwa na mtu ofisini atanuna, mwache anune.

Hatua ya 9: Pima tena na hesabu

Baada ya miezi sita pima wote, hata walioacha, na wale wa kulinganisha. Hesabu ni ya darasa la sita: kikundi kilitoka presha ya 158 kwenda 146, kimeshuka 12. Wasio na kikundi walitoka 157 kwenda 149, wameshuka 8. Faida unayoweza kuongelea ni 4, sio 12.

Ripoti idadi ya uliowakosa. Zimbabwe kati ya 573 waliwapata 521 baada ya miezi sita, hicho ni kiwango cha kujivunia. Ukiwapata nusu tu, sema nusu, na usifikirie waliopotea wako kama waliopatikana.

Kama una watu chini ya 30 hivi achana na asilimia, andika "12 kati ya 19". Na angalia msimu: ukipima mwanzo wakati wa kulima na mwisho baada ya mavuno, watu wana chakula na hela, kila kitu kitaonekana kizuri. Mwezi wa Ramadhani nao unabadilisha muda wa dawa na mlo, usije ukadhani ni kazi ya kikundi.

Ikikwama

*Watu hawaji kupimwa mara ya pili.* Wafuate kikundini au nyumbani, piga simu jioni sio asubuhi, na mwanzoni chukua namba ya ndugu mmoja (kwa ridhaa yake). Usilipe hela ya kujibu, nauli inatosha.

*Wote wanajibu vizuri kwenye kila swali.* Badilisha muulizaji, rudi kwenye maswali ya "mara ya mwisho". Ikiendelea, tegemea vipimo visivyo na adabu: mahudhurio, presha, tarehe za kuchukua dawa kwenye rejista ya dirisha la dawa.

*Waganga hawaelekezi mtu.* Angalia fomu. Kama ina sehemu 14 za kujaza na foleni ina watu 60, usitegemee. Karatasi moja, mistari mitatu. Na wapelekee habari za mgonjwa waliyemuelekeza, daktari akiona aliyemtuma amebadilika ataandika mwingine kesho.

*Wa kulinganisha nao wameanza kuja kikundini.* Hutokea, watu ni majirani. Waandike, wabaki kwenye fungu lao la mwanzo kwenye hesabu, na ulitaje kwenye ripoti.

*Presha haijabadilika ila watu wanasema wanalala na wana wa kuongea naye.* Ripoti yote mawili yakiwa yamekaa pamoja. Usifiche la presha, na usidharau la usingizi. Rudi kwenye karatasi ya hatua ya 1 uone ni kiungo gani hakikushika, mara nyingi utakuta dawa zenyewe zilikuwa zimeisha dirishani miezi miwili, na hapo kikundi hakina kosa.

*Matokeo ni mabaya na mfadhili anasubiri.* Wapelekee wanakikundi kwanza, kwenye kikao chao cha kawaida, kwa mdomo, kabla hujatuma ripoti popote. Watakwambia kwanini ndani ya nusu saa, na hayo maelezo yao yaingie kwenye ripoti pamoja na namba.